Gusa Kidogo Kabla Hujatoka

Mlango wa bafu letu ni wa bati, na bawaba yake inalia. Kwa wiki tatu nzima kazi yangu ilikuwa kumwekea mdogo wangu Drahman chakula mezani, kisha kwenda kusimama jikoni nimempa mgongo, nikisikiliza. Nikisikia kijiko, sawa. Nikisikia kiti kinasukumwa, moyo unanipasuka. Halafu bawaba inalia, na mimi najua samaki wangu ameshakwenda na maji.

Wala sikuwa nampikia mlima. Vijiko vitatu vya samaki wa kuchemsha, nimemchambua mwiba mmoja mmoja kwa vidole. Yai nusu. Kipande cha tofu kisichozidi kiberiti. Mtu aliyekuwa akimaliza sahani tatu za wali akauliza kama kuna ukoko, sasa anatazama yai nusu kama mtoto anavyotazama sindano.

Drahman alipasuliwa mwezi wa pili, hapa hapa mjini Kuching, kwenye hospitali kubwa. Walimpunguza tumbo wakamwachia kijitumbo chembamba cha ukubwa wa ndizi moja. Wiki mbili alikunywa supu ya kuchujwa, mbili nyingine vitu vya kusagwa, kisha wakamwambia aanze vyakula vigumu. Achague mwenyewe, walisema. Aanze na samaki, yai, kuku laini. Atafune mara ishirini na tano, asinywe maji juu yake. Wali asubiri, na wali wa kunata asahau kabisa. Wakampa daftari la kuandika kila anachokula. Wenzake waliopasuliwa wiki ile walichagua, wakala, wakaendelea na maisha yao. Chake kilirudi. Alikuwa na kilo mia moja sabini na moja, akashuka hadi mia moja thelathini na nane, na watu wakikutana naye wanasema mashallah, umependeza. Hawakuziona nywele zake kwenye mto kila asubuhi. Hawakujua kwamba nyayo zimeanza kumfa ganzi, na kandambili ikimtoka mguuni hana habari.

Unene ule niliupika mimi. Nalisema waziwazi kwa sababu kila mtu anayeusimulia anamsimulia yeye, na mimi nimekaa kimya naosha vyombo.

Kwetu mtu akikutajia chakula huondoki hivi hivi. Hata umeshiba, hata una haraka, unanyoosha kidole unagusa. Usipogusa unatoka na kempunan, mkosi wa chakula ulichokipita, na mwenye kempunan njiani hukutana na nyoka, mamba, lori, gogo, chochote kilichopangwa kwa siku hiyo. Vijana wanacheka. Lakini wakitajiwa kahawa wakiwa mlangoni, kidole kinanyooka chenyewe.

Baba yetu alikuwa mpasua magogo kwenye kiwanda cha mbao. Mama alikuwa ameshatangulia, mimi nina miaka kumi na saba, Drahman ana sita. Asubuhi moja nilichoma pulut, ule wali wa kunata unaofungwa kwenye jani la mgomba, ndani nimetia kamba wakavu wa baharini. Nikaita, "Baba, gusa kidogo kabla hujatoka!" Alikuwa amechelewa. Akacheka, akagusa jani kwa ncha ya kidole, akashuka ngazi. Walimrudisha kabla ya adhuhuri kwenye gari la mbao, gogo limemwangukia kifuani. Pulut yenyewe ilikuwa bado ina moto.

Watu wa hapa wanasema Baba hakugusa. Mimi najua aligusa. Basi nikaamua, na akili zangu za miaka kumi na saba, kwamba kugusa hakutoshi. Nyumbani kwetu kuanzia siku ile kitu kilichotajwa kilikuwa lazima kiingie mdomoni na kishuke kooni, nikione kikishuka. Drahman akienda shule, ameza kitu. Akienda kucheza, ameza kitu. Akikutana na jirani, ole wake arudi niambiwe alitajiwa ndizi akapita. Tonge likawa bakuli, bakuli likawa sahani. Nilimwona anavimba, nami nikawa namwona anaishi.

Akakua akapata kazi ya kusoma mita za maji. Ukitaka kumwua mtu wa kwetu kwa chakula, mpe kazi inayompitisha nyumba thelathini kwa siku. Wote walimpenda. Anapiga hodi, anachungulia mita, anaandika, na mwenye nyumba ameshashika sahani. Hakuoa. Msichana mmoja alitokea, akamwona anavyopanda ngazi akihema, akatoweka. Drahman, anayeniita Kak, yaani dada, alinitania, "Kak, sasa nani atanipikia?" Nikacheka. Moyoni nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mwaka jana, mbele ya nyumba ya jirani yetu Dayang Rogayah, njia yetu ya mbao ilikatika chini ya Drahman. Akazama hadi kifuani, miguu inaning'inia juu ya tope la mto. Wanaume wanne na kamba walimtoa, na watoto wa watu wakapiga picha za video. Alicheka pamoja nao, akawaambia wamtoze ushuru wa ubao. Alipofika nyumbani aliniomba nifunge dirisha, akalia kwa sauti. Wiki iliyofuata akaenda kujiandikisha apasuliwe.

Sasa nirudi kwenye wiki ile mbaya.

Tulikwenda kliniki siku ya Alhamisi. Tumeketi kwenye benchi, bibi mmoja mgonjwa akafungua kopo la biskuti, akasema, "Karibuni jamani, msinione nakula peke yangu." Drahman akanyoosha mkono, akamega ukingo wa biskuti, akaweka ulimini. Nami nikamega. Mlango ulikuwa wazi. Mtaalamu wa lishe, binti wa Kiiban aitwaye Lunsa, alikuwa amesimama pale na faili mkononi.

"Bwana Drahman," akasema, "umekula nini sasa hivi?"

"Sijala kitu."

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Aa, hiyo? Hiyo nimegusa tu."

Lunsa akatuingiza ndani, akafunga mlango. Akalifungua lile daftari. Yai nusu, samaki vijiko vitatu, tofu, kuku. Mwandiko wa Drahman ni mzuri, kila siku imepigiwa mstari kwa rula.

"Na kugusa umekuandika wapi?"

Drahman akanitazama. "Kugusa kunaandikwa?"

"Hata kwetu, juu mtoni, tunagusa," Lunsa akasema. "Bibi yangu anagusa kwa kidole, anajipaka shingoni, basi, anapanda mtumbwi wake. Wewe unaweka mdomoni?"

"Kwetu humezwa," nikajibu mimi.

"Jana ulisoma mita ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Na waliokutajia chakula?"

"Wote," Drahman akasema, kidogo amekasirika. "Kwani wale ni washenzi?"

Lunsa alitaka kucheka, nilimwona. Halafu uso ukambadilika. Akauliza ni vitu gani, na mdogo wangu akaanza kutaja kwa uaminifu wake wote: keki ya matabaka, biskuti, chipsi za samaki, kahawa kwa jirani yetu mzee Pak Saini, pulut kwa Dayang Rogayah, pulut kwa mkwe wa Dayang Rogayah. Kidogo tu, alisema. Kila mahali kidogo tu. Na hakudanganya hata mara moja, kwa sababu kwa watu kama sisi huko si kula.

"Hicho kijitumbo hakijapumzika tangu saa mbili asubuhi," Lunsa akasema taratibu. "Huo wali wa kunata unaziba njia. Ukifika nyumbani dada yako anakupa samaki. Samaki atapita wapi?"

Kisha akaja daktari, akabonyeza nyayo za Drahman kwa kalamu, na Drahman hakushtuka. Wakamdunga vitamini. Daktari hakuzunguka: tunampa wiki moja. Alhamisi ijayo akiwa bado anatapika analazwa, atalishwa kwa mrija puani, na huenda wakamfungua tena. Na mwili wake sasa hauna akiba ya kuhimili kisu cha pili. "Sitaki kukudanganya, mama," akaniambia. "Watu hufa na hali hii."

Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, Drahman akasimama.

"Kak, afadhali mrija."

"Unasema nini wewe?"

"Mwenye mrija puani hatajiwi chakula na mtu. Lakini nikiwa mzima, nikitajiwa nikapita…" Akafuta jasho. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia awe anajipaka shingoni kama wale Waiban, na yeye akaniuliza swali ambalo nilijua linakuja: "Baba aligusa kwa nini, kama si kwa kidole?"

Ijumaa alijaribu. Dayang Rogayah alimwita, yeye akainua mkono akasema asante, akapita. Hatua kumi, aliniambia, akajikuta ameshika ukuta wa watu. Akarudi akameza matonge mawili. Alipofika nyumbani bawaba ililia mara nne, na mara ya mwisho kilichotoka kilikuwa maji ya kijani. Nilimshika kichwa. Nywele zikabaki kwenye vidole vyangu. Mtu wa miaka arobaini na miwili, ananiomba msamaha kwa kuchafua sakafu.

Jumamosi alipolala mchana nilijifunga kitambaa nikatoka. Kempunan inamshika aliyetajiwa. Asiyetajiwa hana deni na mtu. Ndivyo nilivyojiambia, sikuwa na jingine la kujiambia. Nilianzia kwa Dayang Rogayah, maana ukimshinda yule umewashinda wote.

"Dayang, naomba Drahman akipita hapa usimkaribishe."

"Nisimkaribishe nini?"

"Chochote. Hata kahawa. Hata neno kula usilitamke."

"Sadiah, homa imekupanda kichwani? Mtoto wa watu apite mlangoni kwangu nimtazame kama nguzo ya umeme?"

"Ndiyo. Kama nguzo ya umeme."

"Wewe! Wewe uliyenisuta mbele za watu kwa sababu nilimwacha akapita na ndizi moja!"

"Ni mimi huyo huyo."

Alinitazama sana. Mkononi alikuwa na mwiko, nikadhani atanipiga nao. Badala yake akauliza, "Hali ni mbaya kiasi hicho?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema kama ni hivyo atafunga mlango akisikia hatua zake, maana mdomo wake anaujua, ukiachwa wazi utasema.

Nilipita nyumba ishirini na nane. Wengine walidhani tumegombana na kitongoji kizima. Mmoja aliniuliza kama mdogo wangu ana ugonjwa wa kuambukiza. Pak Saini akasema yeye atazima redio ajifanye amelala, lakini niongee pia na mke wake, maana huyo hata usingizini anakaribisha watu. Kuomba kila nyumba imnyime ndugu yako chakula ni aibu isiyo na jina kwetu. Nilirudi nyumbani nimelowa jasho, nikaoga mara mbili.

Jumatatu Drahman alirudi kutoka kazini amenywea. Alikaa kwenye ngazi, hakuvua hata begi.

"Kak, nimewakosea nini watu?"

"Kwa nini?"

"Milango imefungwa. Nasoma mita, mtu yuko ndani namsikia anapumua, hatoki. Mke wa Pak Saini ameniona akaziba mdomo kwa mkono akakimbia. Ni kwa sababu natapika? Nanuka?"

Sikuweza kumwambia. Ningemwambia wamekatazwa, angejua sahani ziko nyuma ya ile milango, na chakula unachojua kipo ni nusu ya kutajiwa. Nikamwambia watu wana mambo yao. Nikamwekea samaki. Akatafuna huku machozi yanamtiririka, mara ishirini na tano kila kijiko, mimi nahesabu jikoni nimempa mgongo. Kiti hakikusogea. Nikangoja nusu saa, nikangoja saa. Bawaba haikulia. Nilipogeuka alikuwa bado analia, na yule samaki yuko tumboni mwake.

Jumanne hivyo hivyo: yai nusu, samaki, vyote vikabaki tumboni. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilimwona akikuna unyayo, akasema unawasha. Na bado alikuwa mpweke kama mtu aliyefukuzwa.

Jumatano ilikuwa siku ya hitma ya Baba. Kila mwaka naisoma, na kila mwaka chakula ni pulut, ile ile, yenye kamba wakavu, majani nimekata mwenyewe. Niliamka kabla ya alfajiri. Nilifunika sufuria, nikafunga dirisha la jikoni, nikatia kitambaa chini ya mlango kama mwizi. Drahman alivaa, akabeba begi na kikopo chake cha samaki wa mchana. Mlangoni akasimama. Miaka thelathini na sita amekuwa akisimama pale, na mimi nikisema neno lile lile.

"Kak. Hakuna cha kugusa?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya kifuniko, na mvuke unaniunguza kiganja.

"Hakuna," nikasema. "Sijapika kitu."

Akaniangalia. Kisha akashuka ngazi, polepole, anatafuta kila kidato kwa nyayo zake zisizosikia, ngazi zile zile alizoshuka Baba akicheka. Nilitaka kupiga kelele. Nilijiuma mkono.

Siku ile sikujua inakwendaje. Nilifunga majani, nikayafungua, nikayafunga tena. Kila pikipiki iliyopita juu ya mbao nilisema ndiyo hiyo, wanakuja kuniambia. Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikaa sakafuni, maana ni karibu saa ile waliyomleta Baba. Mtu akaita "Sadiah!" nje, nikajua. Kumbe alikuwa mke wa Pak Saini, amekuja kuazima beseni. Nilimfokea hadi akaanza kulia, maskini, na beseni nikampa.

Saa kumi na moja hatua zake zilikuja. Nilizijua, nzito bado, moja baada ya nyingine. Akavua viatu, akaweka kikopo kitupu mezani.

"Samaki amekaa," akasema.

Nikakichukua kile kikopo, nikakitazama ndani.

"Ile pulut nimeisikia harufu toka ngazini, Kak. Wewe unadhani pua nayo wameipunguza?"

"Na ukaenda?"

"Nikaenda. Ulisema hujapika, basi hukutaja." Akakaa. "Pale ubao ulipokatika mwaka jana nilisimama, nikasoma shahada. Nikasema kama ni leo, ni leo."

"Na mimi niliisoma hapa," nikamwambia.

Baada ya magharibi watu walikuja kwenye hitma. Walikuja kwa haya, wakikwepa kumtazama, mpaka dua ikaisha na sinia zikawekwa sakafuni. Wote tukajikunja kuzizunguka, na Drahman akaketi nasi, miguu imekunjwa, kitu ambacho hakukiweza kwa miaka kumi na tano. Mbele yake nilimwekea kibakuli chake cha yai. Watu wakaanza kufungua majani. Dayang Rogayah, akiwa na furaha ya kumwona ameketi chini kama mtu, akasahau.

"Drahman mwanangu, gusa ki—"

Akajiziba mdomo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Hakuna aliyetafuna.

Nikamwona mdogo wangu anaitazama ile pulut, kisha ananitazama mimi. Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe.

"Usiguse," nikasema.

Hilo neno lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu.

"Kak," akasema kwa sauti ya mtoto wa miaka sita, mbele ya watu wote, "una hakika?"

"Sina. Usiguse tu."

Mkono ukabaki hewani. Halafu akaushusha pajani, akaufunika kwa ule mwingine. Dayang Rogayah alikuwa analia bila kujificha. Nilichukua ile pulut ya mbele ya Drahman nikaifungua, nikala yote mimi, na sikuonja kitu.

Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kwenda kliniki, nilikwenda mlangoni kwake kusikiliza. Kimya. Nikasukuma mlango. Alikuwa ameketi kitandani, daftari mapajani, rula pembeni.

"Jana niandike nini?" akaniuliza.

Nikamwambia aandike yai nusu, samaki vijiko vitatu mchana, yai tena jioni. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akakaa na kalamu, akaniuliza kama aandike na ile pulut ambayo hakuigusa.

Nikamwambia aiandike.